Baiskeli Katika Viunga Vilivyojengwa kwa Ajili ya Magari
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Huenda wako watakaouliza kwa nini jarida la ushirika, ambalo desturi yake ni kuzungumza bei za mazao, pembejeo na ukaguzi wa hesabu, litoe kurasa zake kwa habari ya baiskeli. Jibu lake si la mbali. Zao haliji ghalani kwa miguu yake. Katika vyama vingi gunia la kwanza la msimu hufika mizanini likiwa juu ya keria ya baiskeli, na katibu mwenyewe hupeleka mihtasari na hundi mjini kwa chombo hicho hicho. Tena mji nao haukai mahali pamoja. Shamba ambalo juzi lilikuwa la mikorosho au migomba, leo limepimwa viwanja, kesho litapitiwa na lami, na mwanachama aliyezoea kuvuka njia ya vumbi akiwa na mkungu wa ndizi atajikuta ukingoni mwa barabara ambayo magari hayapungui usiku wala mchana.

Wenzetu wa nchi nyingine wameyapitia hayo kabla yetu. Wako walioyapitia wakajuta, wako walioyapitia wakajirekebisha, na wako waliojenga vizuri lakini wakakosa walichokitafuta. Yafaa habari zao zisikilizwe kwa makini, kwa sababu barabara ikishamwagwa lami na nyumba zikishajengwa kando yake, kuibadili ni kazi ya kizazi kizima.

Mfano ulio wazi kupita yote ni viunga vya miji ya Marekani. Mwaka 1947, kampuni ya Levitt ilianza kujenga nyumba kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, karibu na New York. Hadi mwaka 1951 zilikuwa zimesimama nyumba zaidi ya 17,000, na mahali hapo pakaitwa Levittown. Nyumba zilikuwa nzuri na za bei nafuu, ingawa kwa miaka mingi weusi walikatazwa kuzinunua, jambo ambalo halisahauliki. Mtindo huo ukaenea nchi nzima. Mwaka 1956 Serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu zenye urefu wa maili 41,000, yaani takriban kilomita 66,000, na katika kila dola 100 za gharama Serikali kuu ililipa 90. Wakati huo huo sheria za mipango miji zilikuwa zimekwisha kutenga nyumba upande wake, maduka upande wake, na kazi upande wake. Mwanzoni jambo hilo lilikusudiwa kuwaepusha watu na moshi wa viwanda, na kusudi lenyewe halikuwa baya.

Tazameni jinsi mtaa wa namna hiyo ulivyo. Nyumba zimepangwa katika barabara fupi zisizotokea, kila moja ikiishia kwenye duara dogo la kugeuzia gari. Ndani ya barabara hizo mna utulivu na watoto hucheza. Lakini kila anayetaka kutoka, awe anakwenda shule, dukani, kanisani au kwa jirani wa mtaa wa nyuma, hana budi kuingia barabara kubwa moja yenye njia nne au sita. Nyumba mbili zilizotazamana migongo, ambazo mtu angeweza kurusha jiwe kutoka ua hadi ua, huweza kuwa na mwendo wa kilomita tatu kati yake kwa kufuata barabara. Kwa mwenye gari kilomita tatu si kitu. Kwa mtoto mwenye baiskeli, tatizo ni ile barabara kubwa kuliko urefu wa safari, na barabara hiyo haina mbadala.

Hesabu yake ilionekana katika shule. Mwaka 1969, watoto 48 kwa mia wa shule za chini za Marekani walikwenda shule kwa miguu au kwa baiskeli. Mwaka 2009 walikuwa 13 kwa mia. Wazazi walioona barabara imekuwa ya hatari waliwapakia watoto wao garini, na kila gari lililoongezwa mlangoni mwa shule likaizidishia hatari barabara ile ile, hata mzazi wa jirani naye akaogopa. Na waliobaki juu ya baiskeli hawakusalimika. Mwaka 2022 waendesha baiskeli 1,105 waliuawa barabarani katika nchi hiyo.

Hapa hapana budi kusimama kidogo na kueleza jinsi ajali yenyewe inavyotokea, maana watu wengi huridhika kusema kwamba dereva alikuwa mzembe au mpanda baiskeli hakuwa mwangalifu, wakaishia hapo.

Jambo la kwanza ni mwendo. Nguvu ya mgongano haipandi sawasawa na mwendo. Gari likiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza huwafundisha madereva wapya kwamba gari lililo katika mwendo wa maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, husimama baada ya mita 12 tangu dereva alipoona hatari. Kwa maili 30, yaani kilomita 48, ni mita 23. Kwa maili 40, au kilomita 64, ni mita 36. Kwa maili 60, karibu kilomita 97, ni mita 73. Mtoto akiangusha baiskeli yake mita 20 mbele ya gari, dereva wa kwanza atasimama na kumkemea, na dereva wa tatu atampita juu yake kabla gari halijaanza kupunguza mwendo vya kutosha. Wote wawili waweza kuwa madereva wazuri wenye leseni safi na macho mazima.

Na mwendo wenyewe hautokani na kibao peke yake. Barabara pana iliyonyooka, yenye njia za upana wa mita tatu na nusu na zaidi, isiyo na miti karibu, humwambia dereva aende kasi, hata kama kibao kinasema vingine. Wahandisi wa Marekani kwa muda mrefu walikuwa na desturi ya kupima mwendo ambao madereva 85 katika kila 100 hawauzidi, kisha wakaufanya huo ndio kipimo cha kuwekea kibao. Maana yake, barabara iliyojengwa kwa ajili ya kasi ilizaa kasi, na kasi ikaandikiwa kibao kikawa kibali chake.

Jambo la pili ni makutano. Watu wengi huogopa kugongwa kwa nyuma, na kweli katika barabara za mashambani usiku hatari hiyo ipo tena ni kubwa. Lakini mijini ajali nyingi za baiskeli hutokea pale njia zinapokutana. Katika nchi zinazoendesha kushoto kama hizi zetu, gari hulipita baiskeli, kisha mara moja hukata kona kushoto mbele yake. Mpanda baiskeli aliye sawa kabisa katika njia yake hujikuta amefungiwa ubavuni. Lori likifanya hivyo ni balaa zaidi, kwa kuwa ubavuni mwa lori, karibu na mlango wa utingo, pana sehemu ambayo kioo cha dereva hakiioni. Mtu mzima na baiskeli yake huweza kusimama hapo wasionekane hata kidogo. Gurudumu la mbele huwakwepa, la nyuma huwafuata, maana lori linapokata kona magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Kila mwanachama apandaye baiskeli na amfundishe hili mwanawe kabla ya kumfundisha kupiga kengele: lori likisimama kwenye njia panda, usijipenyeze kushoto kwake.

Lipo na la tatu, mlango wa gari lililoegeshwa, ambao hufunguliwa ghafla mbele ya baiskeli. Hilo kwetu huwapata zaidi wale wapitao mbele ya maduka.

Sasa baada ya kuona ugonjwa, tuwatazame waliotafuta dawa.

Mji wa Stevenage, kaskazini ya London, ulitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1946, wa kwanza wa aina yake Uingereza baada ya vita. Mhandisi wake, Eric Claxton, alikuwa mpanda baiskeli mwenyewe. Alijenga mtandao wa njia za baiskeli uliotengwa kabisa na magari, mpana, wenye lami nzuri, ukipita chini ya mizunguko ya barabara kwa njia za chini zenye mwanga, hata mtu aliweza kuuvuka mji mzima asikutane na gari. Wageni walikuja kutoka nchi mbalimbali kuutazama. Katika usalama, Claxton alifaulu. Lakini watu wa Stevenage hawakupanda baiskeli kwa wingi aliotazamia. Kwa nini? Kwa sababu barabara za magari zilijengwa nazo kwa ustadi ule ule. Hapakuwa na msongamano, maegesho yalikuwa tele, na kila mahali palifikika kwa gari kwa dakika chache. Aliyekuwa na gari hakuona sababu ya kuliacha. Mpaka leo njia zile zipo, na nyingi hupita kimya.

Habari ya Stevenage hupenda kutajwa na watu wasiotaka kutumia senti moja kwa ajili ya baiskeli. Husema: wamejengewa, hawakupanda. Hoja hiyo haina uzito kwa nchi ambayo wengi hawana gari la kuliacha. Kwa mkulima anayetoka Kibaha na gunia la mkaa, swali si kama atapenda baiskeli kuliko gari. Swali ni kama atafika.

Uholanzi ndiyo nchi ambayo kila mtu huitaja panapozungumzwa baiskeli, na wengi hudhani Waholanzi walizaliwa nayo. Si kweli. Katika miaka ya 1950 na 1960 nchi hiyo ilifuata mkondo ule ule wa Marekani. Nyumba za zamani zilibomolewa kupisha barabara, viwanja vya katikati ya miji vikageuzwa maegesho, na huko Utrecht sehemu ya mfereji wa kale uliouzunguka mji ikafukiwa ili magari yapite. (Mji huo ulirudia mwenyewe kuufukua mfereji, na maji yakazunguka tena mwaka 2020, baada ya karibu miaka 50.) Wapanda baiskeli walipungua mwaka hata mwaka, na waliobaki walichanganywa na magari.

Malipo yake yalikuwa ni vifo. Katika mwaka 1971 peke yake walikufa barabarani watu zaidi ya 3,000 katika nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikuwa ameuawa na gari akienda shule kwa baiskeli, aliandika makala katika gazeti la De Tijd yenye kichwa cha habari kilichotaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa jina la chama cha wazazi kilichoundwa baadaye, na rais wake wa kwanza alikuwa Maartje van Putten, ambaye miaka ya mbele alichaguliwa katika Bunge la Ulaya. Wazazi hao hawakuwa na fedha wala cheo. Walifunga mitaa kwa meza na viti ili watoto wacheze, walikwenda na watoto wao hadi kwa wakubwa wa Serikali, walichora wenyewe ramani za mahali palipotokea vifo. Katika mtaa wa De Pijp, Amsterdam, watoto wa shule walipigania barabara yao wenyewe mwaka 1972, na filamu ya televisheni ikawaonyesha wakibishana na madereva.

Kisha, mwishoni mwa 1973, mafuta yalipanda bei na kuadimika. Kuanzia tarehe 4 Novemba mwaka huo, Serikali ya Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na kwa majuma kadhaa watu walitembea na kuendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Wazee wetu wanaoukumbuka mwaka ule hapa nyumbani wanaukumbuka kwa sababu nyingine, lakini mafuta yalikuwa ni hayo hayo. Mwaka 1975 wapanda baiskeli nao waliunda chama chao cha nchi nzima, ambacho kipo hadi leo, na kazi yake kubwa ilikuwa ya kichovu tu: wanachama wa kila mji kuandika njia panda mbovu moja baada ya nyingine na kuipelekea halmashauri.

Serikali ilijaribu kwanza kujenga njia moja nzuri ya baiskeli katika miji ya Tilburg na The Hague. Walioitumia njia hiyo waliipenda, lakini idadi ya wapanda baiskeli mjini haikubadilika sana, kwa sababu njia moja haimfikishi mtu kila aendako. Baadaye mji wa Delft ulijaribu kuunganisha mtandao mzima, mkubwa kwa safari ndefu na mdogo kwa mitaa, na hapo ndipo matokeo yalipoonekana. Hili ni jambo ambalo wanaushirika hawahitaji kuelezwa mara mbili. Chama kimoja chenye mashine ya kukoboa, kisicho na barabara ya kuletea mpunga wala soko la kupelekea mchele, kina mashine ya kutazama.

Delft hiyo hiyo ndiko ulikoanzia mtaa wa makazi ambamo gari huruhusiwa kuingia lakini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Miti, viti na vipindo vya njia huwekwa makusudi ili dereva asiweze kukimbia hata akitaka. Sheria ya nchi iliutambua mtaa wa namna hiyo mwaka 1976. Siku hizi zipo pia barabara ambazo kibao chake huandikwa kwamba hapo gari ni mgeni, na mwenyeji ni baiskeli.

Mji unaostahili kuangaliwa zaidi na watu wa viunga ni Houten, karibu na Utrecht. Huo ulikuwa kijiji cha watu elfu chache, Serikali ikaamua kwamba ukue. Leo wakaaji wake wanakaribia 50,000. Katika hali ya kawaida huo ungekuwa Levittown nyingine. Lakini mchoraji wake, Rob Derks, aliugeuza mpango juu chini. Alizungusha barabara moja ya magari nje ya mji wote kama pete. Mtu akitaka kwenda kwa gari kutoka mtaa mmoja hadi mtaa wa pili, lazima atoke nje hadi kwenye pete, azunguke, kisha aingie tena. Ndani, njia za baiskeli hupita moja kwa moja kutoka kila mtaa hadi katikati ya mji kwenye stesheni ya treni, na shule zimewekwa kando ya njia hizo. Gari halikukatazwa, na kila nyumba hufikika kwa gari. Kilichobadilika ni nani anayepewa njia fupi. Ile hesabu ya nyumba mbili zilizotazamana migongo, huko Houten mwenye gari ndiye anayekwenda kilomita tatu, na mtoto mwenye baiskeli hupita uchochoroni. Hapo ndipo Stevenage ilipokosea na Houten ilipopatia, na tofauti hiyo haikuwa ya fedha.

Tangu miaka ya 1990 Waholanzi waliliandikia jambo hili kanuni. Husema kwamba binadamu hukosea, na atakosea tena kesho, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lisigeuke kifo. Kila barabara iwe na kazi moja: ama ya kupitisha safari ndefu kwa kasi, ambako baiskeli haichanganywi kamwe, ama ya kugawa, ama ya kufikia nyumba, ambako mijini mwendo hauzidi kilomita 30 kwa saa. Barabara inayofanya kazi zote tatu kwa pamoja ndiyo inayoua. Na katika sheria yao ya mwaka 1994, mwenye gari akimgonga mpanda baiskeli hubeba fidia, isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na namna yoyote ya kuepuka.

Mwaka 2010 watoto waliouawa barabarani katika Uholanzi walikuwa 14. Isidhaniwe kwamba hatari imekwisha. Mwaka 2022 wapanda baiskeli 291 walikufa nchini humo, wengi wao wazee, baadhi yao wakiwa juu ya baiskeli za umeme zenye mwendo kuliko walivyozoea. Lakini kilio cha wazazi wa mwaka 1972 kilijibiwa.

Marekani nako kulikuwa na mji mmoja uliokataa mapema. Davis, katika jimbo la California, ni mji wa chuo kikuu katikati ya mashamba. Mkuu wa chuo, Emil Mrak, aliwaambia wanafunzi waje na baiskeli na akafunga katikati ya chuo magari yasiingie. Mwalimu mmoja wa uchumi, Frank Child, aliyerudi kutoka Uholanzi na familia yake, aliandika barua gazetini kuuliza kwa nini Davis isifanye kama alivyoona huko. Wenye duka na wenye nyumba wakajiunga naye, na mwaka 1966 wagombea waliokubali hoja hiyo wakachaguliwa katika baraza la mji. Ilibidi hata sheria ya jimbo ibadilishwe. Mwaka 1967 mistari ya kwanza ya njia za baiskeli ilichorwa. Walijaribu pia njia iliyokingwa kwa ukingo, wakaiacha kwa sababu makutano yake yaliwatatiza, na wahandisi wa nchi nzima wakaifuata hukumu hiyo kwa karibu miaka 40. Mwaka 2015 ni Davis hiyo hiyo iliyojenga makutano ya Kiholanzi, ambayo kisiwa kidogo cha zege humlazimu dereva apunguze mwendo na kumwona mpanda baiskeli kabla ya kukata kona.

Ndugu Wanachama, hayo ya mbali yatosha.

Hapa nyumbani, Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa hadi njia nane. Wenye mabasi na malori wamepumua, na haki yao. Lakini aliyekuwa akivuka njia mbili sasa anavuka nane. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2016, ulijengewa njia za baiskeli kando yake, jambo la kupongezwa, ingawa mara nyingi njia hizo hutwaliwa na bodaboda na meza za biashara, na mpanda baiskeli hurudi kwenye lami na magari. Katika barabara kuu sheria imehifadhi eneo la mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nafasi ya kuweka njia ya baiskeli iliyotengwa, basi, katika sehemu nyingi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuiomba kabla michoro haijapigwa muhuri.

Mtu huyo aweza kuwa chama cha msingi. Kwanza chama kiangalie nyumba yake chenyewe. Vyama vingi hupima mazao mchana kutwa hata jioni, kisha wanachama hurudi kwao gizani wakiwa na baiskeli zisizo na taa, huku malori yaliyonunua zao hilo hilo yakiondoka kwa pamoja nyuma yao. Mizani ikifunguliwa alfajiri na kufungwa saa kumi, hatari hiyo hupungua bila gharama yoyote. Lori linaporudi nyuma katika uwanja wa ghala, awepo mtu wa kuliongoza kwa miguu. Na duka la chama, pale lipo, liweke taa za baiskeli na rifleta kando ya mbolea na majembe, mwanachama akatwe bei yake katika malipo ya zao. Kofia ngumu ni nzuri kwa anayeimudu, lakini taa ya nyuma ndiyo itangulie.

Pili ni barabara. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA. Barua inayosema tu kwamba barabara ni ya hatari huwekwa jalada na kusahauliwa. Barua yenye hesabu hujibiwa. Chama kichague watu wawili wenye daftari, wakae kwenye njia panda siku tatu, moja ikiwa ya gulio, tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi na tena tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Waandike baiskeli ngapi zimepita, ngapi zenye mzigo, ngapi za watoto wa shule, na wangapi wamevuka. Kwenye ukurasa wa pili wachore mahali palipotokea ajali, na mwaka wake, bila majina ya marehemu. Wataje wanachotaka kwa maneno ya kawaida: kivuko na matuta mbele ya ghala, njia ya baiskeli nje ya ukingo wa lami, taa kwenye daraja. Barua isomwe katika mkutano mkuu na kuingizwa katika muhtasari kabla haijapelekwa, nakala moja iende kwa diwani, na nakala nyingine ibaki kwenye jalada la chama pamoja na daftari lenyewe, kwa kuwa mhandisi atakapofika ataomba kuliona.